Sangara ana doria, mvuvi hana

Hotuba iliyotolewa Mwanza mbele ya madiwani, maofisa mipango na viongozi wa mialo, yaani fukwe ambako wavuvi hushusha samaki. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wataalamu wa halmashauri, viongozi wa mialo ambao baadhi yenu mmetoka majini alfajiri hii na bado mnanukia dagaa. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo.

Nimepewa mada pana: jinsi jamii zinavyopima hatari na kugawa fedha za kujikinga nazo. Mada ya namna hii mtu anaweza kuizungusha dunia nzima, akataja vita, magonjwa ya mlipuko, tabianchi na akili mnemba, akapigiwa makofi, na kesho yake asipatikane hata mmoja aliyebadilisha mstari mmoja wa bajeti. Kwa hiyo naomba tubaki ziwani. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ndani ya miaka 30 limetuonyesha karibu kila aina ya msiba wa majini. Mpangaji wa bajeti asiyejifunza hapa hatajifunzia pengine.

Nianzie kwenye kitabu cha bajeti, maana hotuba zetu zote, hii ikiwemo, hupamba mambo, lakini kasma, yaani mafungu ya fedha ndani ya bajeti, hazijui kupamba. Chukua bajeti ya halmashauri ya kando ya ziwa. Fedha za kupambana na uvuvi haramu mara nyingi utazikuta, hata kama ni kidogo: mafuta ya boti ya doria, posho za maofisa, matengenezo ya injini. Sasa tafuta kasma ya kumtafuta mvuvi aliyezama. Utafunua kurasa hadi utokwe jasho. Mtumbwi usiporudi, ni ndugu na wavuvi wenzake wanaochangishana mafuta, wakaazima injini kwa tajiri mwingine mwenye mitumbwi, wakazunguka visiwani kuuliza kama kuna mtu aliyeokotwa. Mwili ukielea siku ya tatu au ya nne, polisi wanapigiwa simu. Usipoonekana, matanga yanakaliwa bila kaburi, na mjane anaanza safari ndefu ya kutafuta cheti cha kifo cha mtu ambaye hakuna aliyeuona mwili wake.

Mwaka 2018 tulikuwa na Operesheni Sangara ya kupambana na uvuvi haramu. Wengi wenu mliiona kwa macho: makokoro na nyavu zisizoruhusiwa zikichomwa moto, mitumbwi ikikamatwa, faini zikitozwa. Sitaki kuufufua ugomvi wa wakati ule. Sangara ni fedha za kigeni, ni viwanda vya minofu, ni ajira za watoto wetu, na ziwa lisilolindwa litakwisha. Nataka mkione kitu kimoja tu: iliwezekana. Boti zilipatikana, mafuta yalipatikana, watu walikesha majini. Kumbe uwezo wa kufika katikati ya ziwa usiku tunao, ilimradi wenye maamuzi wakubali kwamba kilichoko huko kina thamani ya kulindwa.

Na msidhani nasema kuna mtu aliyeketi ofisini akaandika kwamba samaki ni bora kuliko mtu. Hakuna. Mizani ya jamii huwa haitangazwi. Inajipanga polepole kwa kumbukumbu, kwa kelele na kwa kufuata nani yuko karibu na meza. Ukitaka kuijua, fuata fedha.

Twende nyuma kidogo. Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikija Mwanza. Meli ya kuchukua abiria 430 ilikuwa imebeba zaidi ya hapo. Zaidi kiasi gani, hadi leo hakuna ajuaye kwa hakika, kwa sababu abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, wa daraja la tatu hawakuandikwa. Ndiyo maana idadi ya waliokufa inatajwa kuanzia 800 hadi karibu 1,000. Wenye tiketi ya bei nafuu walikosa hata kuhesabiwa.

Ile meli ilikaa juu chini kwa muda mrefu, na watu walisikika wakigonga kwa ndani. Ikaamuliwa bodi ya meli itobolewe. Ilipotobolewa, hewa iliyokuwa inaielesha ikatoka, na meli ikaenda chini pamoja na waliokuwa wakigonga. Waliotoboa walitaka kuokoa, na sitamlaumu fundi aliyeshika kifaa siku ile. Ila jiulizeni: nchi yenye sehemu kubwa kuliko zote ya ziwa hili ilikuwa na watu wangapi Mwanza waliofunzwa kazi ya kuokoa watu kwenye meli iliyopinduka? Makaburi ya Igoma walikozikwa mnayajua, sina haja ya kuwapeleka.

Ikapita miaka 22. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya mnada Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kinarudi Ukara. Uwezo wake abiria 101. Kilipinduka zikiwa zimebaki mita chache kufika gatini Bwisya, watu wa nchi kavu wakishuhudia. Walikufa watu 228, waliookolewa ni 41. Usiku ulipoingia uokoaji ukasimamishwa hadi asubuhi. Siku mbili baada ya ajali fundi mitambo wa kivuko akapatikana hai ndani ya chombo, kwenye sehemu iliyobaki na hewa. Mtu mmoja. Kila nikilifikiria hilo nashindwa kulimaliza, kwa hiyo tuliache.

Halafu Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ikaanguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba, karibu kabisa na uwanja. Ndani walikuwemo watu 43. Walikufa 19, wakatoka 24. Waliofika kwanza ni wavuvi, na mitumbwi yao na makasia yao. Baadaye picha zikazunguka za umati ufukweni ukiivuta ndege kwa kamba. Kijana mmoja mvuvi aliyejitosa kusaidia kufungua mlango alizawadiwa shilingi milioni moja, ikaagizwa aajiriwe katika jeshi la zimamoto na uokoaji. Alistahili. Lakini mwalo aliotoka kijana yule ulipewa nini? Kesho likitokea jingine, wenzake watakwenda tena na kasia.

Uzi unaounganisha misiba hii ni huu: katika kila tukio wanaofika kwanza ni wavuvi. Bila mkataba, bila posho na bila kamba, wao ndio kikosi cha uokoaji cha ziwa hili. Na hao hao ndio watu ambao vifo vyao wenyewe hatuvihesabu.

Niwachukue kidogo hadi huko wanakofia, kwa ajili ya waheshimiwa ambao ziwa huliona kutoka barabarani. Uvuvi wa dagaa ni wa giza la mwezi. Mwezi ukiwa mpevu watu wanapumzika na kutengeneza nyavu, giza likirudi wanaingia majini jioni, wanne au watano kwenye mtumbwi wa mbao. Zamani walikuwa na karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Taa zinaelea, dagaa wanaufuata mwanga, watu wanasubiri. Mmoja kazi yake ni kukumba maji yanayoingia mtumbwini. Sasa sikilizeni jambo ambalo wataalamu wa hali ya hewa wanalijua vizuri. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, kwa hiyo mawingu hujikusanya na kunyesha pande za nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa upesi, maji yanabaki na joto lake, pepo kutoka kila upande zinakimbilia katikati ya ziwa na kukutana huko, na radi kubwa huzaliwa juu ya maji kati ya usiku wa manane na asubuhi. Yaani saa ambazo ziwa ni hatari zaidi ndizo saa za kazi. Mawimbi yanakuja, taa zinazimika, na mtu aliyevaa koti zito la baridi anajikuta majini kwenye giza ambalo hata mkono wake haoni.

Anakufa mmoja, au wanne. Hakuna bendera nusu mlingoti. Redio ya mkoa ikitaja, imetaja. Keshokutwa wanakufa wawili kwenye mwalo mwingine. Mwaka ukiisha wamejaza kivuko, lakini hawakupanda kivuko kimoja siku moja, basi hakuna tume.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hiyo ni dunia, iko mbali. La karibu ni hili: utafiti uliofanywa kwa jirani zetu Uganda, katika jamii za wavuvi kando ya maziwa, ulikuta vifo vya maji 502 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Ifanyeni hesabu hiyo taratibu. Ni kama mtu mmoja kati ya 200 kila mwaka. Kijana akianza akiwa na miaka 20 na akakaa kwenye kazi hiyo hadi 40, uwezekano wa maji kumchukua unakaribia mmoja kati ya kumi. Takwimu hiyo si ya Mwanza, ni kweli. Ya Mwanza nileteeni nyinyi. Wazee wa mialo mliopo humu mnajua majina, mnaweza kuyahesabu kwa vidole bila mtafiti.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia, maana kuna wachumi wanaopenda kusema kifo ni kifo, mia kwa siku moja ni sawa na mia kwa mwaka. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Kivuko kikizama, kisiwa kizima kinapoteza wazazi, walimu na wafanyabiashara kwa mchana mmoja. Watu wanaacha kuamini serikali na vyombo vyake. Jamii ina haki ya kuogopa zaidi kile kinachoweza kuifuta kwa mkupuo, na kukilipia zaidi. Kwa hiyo baada ya MV Nyerere kuleta kivuko kikubwa zaidi cha Ukara ilikuwa sawa, na kuijengea Mwanza meli ya abiria 1,200 ni sawa. Nazisifu hizo fedha. Tatizo ni kwamba zikishaondoka hizo tunaona kazi imekwisha. Tumelipia chombo kilichozama mara ya mwisho, na tunaita hiyo kinga.

Kwa nini inakuwa hivyo? Watu husema ni ujinga, ni ufisadi, ni kusahau. Kusahau kupo. Lakini mimi naona sababu iliyo kubwa zaidi: anayeshika mizani si anayezama. Anzieni hapo hapo mtumbwini. Mtumbwi ni wa tajiri. Injini ni ya tajiri, nyavu ni za tajiri, na gharama zote zinakatwa kwanza kabla ya mgao. Jaketi okozi likinunuliwa, linakatwa kwenye mapato ya nani? Injini ikipotea tajiri analia, na ndiyo maana injini hufungwa mnyororo. Mvuvi akipotea, asubuhi kuna vijana wengine watano wanaotafuta kazi. Simsemi tajiri kuwa ni mtu mbaya. Nasema amepima hatari iliyo yake, akailipia. Na halmashauri nayo imepima iliyo yake: ushuru wa samaki ukishuka, diwani ataulizwa. Mvuvi wa kutoka mkoa mwingine, asiyepigia kura hapa, aliyepanga kibanda mwaloni kwa miezi mitatu, akizama nani ataulizwa?

Sasa niwape mifano miwili ya nje, kwa sababu inaonyesha mizani ikishikwa na anayezama inakuwaje.

Uholanzi. Karibu robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja kuta, wakafa watu 1,836. Serikali ikaunda tume, na tume ikamwita mwanahisabati, David van Dantzig. Swali alilopewa lilikuwa gumu kwa jinsi lilivyo wazi: ukuta uwe na urefu gani? Ukijenga mrefu mno unafilisi nchi, ukijenga mfupi unaua watu. Akaunda hesabu: endelea kuongeza urefu hadi pale ambapo gharama ya kuongeza tena inalingana na hasara inayozuiliwa. Kwa eneo la Uholanzi ya kati lenye Amsterdam, Rotterdam na The Hague, ikaamuliwa ukuta uhimili bahari ambayo hutarajiwa mara moja katika miaka 10,000. Maeneo ya vijijini yakapewa kiwango cha chini zaidi, jambo ambalo si haki sana, na wao wenyewe waliliona. Kuanzia 2017 sheria yao inataka kila mtu anayeishi nyuma ya ukuta, tajiri au maskini, ahakikishiwe kwamba uwezekano wa kufa kwa mafuriko kwa mwaka hauzidi mmoja kati ya 100,000.

Rudini kwenye ile 502. Wao ni mmoja kwa 100,000, wavuvi wa maziwa yetu ni 502. Najua nalinganisha visivyofanana, wao wanahesabu mafuriko peke yake na ni matajiri. Kinachonivutia kwao ni kwamba namba ipo, imeandikwa kwenye sheria, na mwananchi anaweza kumshika nayo waziri. Na tazameni nani aliyeiandika. Bunge lao liko The Hague, nyuma ya ukuta ule ule. Mhandisi anayekosea hesabu anakosea juu ya kitanda cha mwanawe.

Mtasema Uholanzi ni mbali na sisi kwa fedha. Haya, Bangladesh. Novemba 1970 kimbunga kilipiga pwani yao na kuua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000. Mwaka 1972, nchi ikiwa imetoka vitani na haina kitu, serikali na Hilali Nyekundu wakaanzisha mpango wa kujiandaa na vimbunga. Hawakuweza kujenga ukuta kama wa Uholanzi. Walichukua watu wa kujitolea kutoka vijiji vile vile vinavyozama, wakawapa redio, bendera, vipaza sauti vya mkono na baiskeli, wakawafundisha maana ya kila bendera na nani wa kumbeba nani. Haikutosha mara moja. Aprili 1991 kimbunga kingine kiliua watu wapatao 138,000, na wanawake walikufa zaidi, wengine kwa kusubiri ruhusa ya mume aliyekuwa mbali. Wakarekebisha: majengo ya kukimbilia yakaongezwa, na wanawake wakaingizwa kwenye vikosi hadi leo wanakaribia nusu ya watu wa kujitolea zaidi ya 70,000. Kimbunga Sidr cha 2007 kilikuwa kikali, kikaua 3,400 hivi. Ni wengi, lakini rudini kwenye namba ya 1970. Hawakutajirika kwanza ndipo wakajikinga. Walichofanya ni kuupeleka uamuzi wa kukimbia au kubaki hadi mlangoni mwa mtu ambaye maji yatamfikia.

Na sisi tumewahi kuonja kitu cha namna hiyo. Kati ya 2017 na 2021 palikuwa na mradi wa hali ya hewa wa ziwa hili, ukiongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na mamlaka za hali ya hewa za nchi zetu, kwa fedha za Uingereza. Ziwa likagawanywa kanda, utabiri ukatolewa kwa kanda, kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa: upepo, mawimbi, mvua, umbali wa kuona. Redio zikatangaza, baadhi ya mialo ikapandisha bendera. Tathmini ya mradi ilikadiria kwamba vifo vitokanavyo na hali mbaya ya hewa vilipungua kwa asilimia 30 hivi. Hata tukikata makadirio hayo nusu, ni kinga ambayo gharama yake kwa kila roho ni ndogo kuliko karibu kitu kingine chochote tunachonunua. Haikuhitaji meli. Ilihitaji rada, mtabiri, redio, na mtu wa kupandisha kitambaa. Swali ni nani analipia kitambaa mfadhili akiondoka.

Basi nije kwenye yale ninayowaomba, na sitayapanga kwa namba kama ilani.

La kwanza kwangu kuliko yote ni daftari. Kila mwalo una BMU, kikundi cha wanajamii cha kusimamia rasilimali za uvuvi, na BMU inajua kilo za dagaa zilizoshushwa. Iandike pia watu ambao hawakurudi: tarehe, saa, umri, alikuwa anavua nini, hali ya hewa ilikuwaje, alivaa jaketi au hakuvaa, mwili ulipatikana au la. Kama mnaogopa kesi, acheni jina la tajiri. Kila robo mwaka ukurasa huo usomwe kwenye baraza la madiwani kabla ya taarifa ya mapato. Kabla, nasema, maana baada ya mapato watu hutoka kwenda kunywa chai. Hili halina gharama ya kutaja, na ndilo ninaloamini litabadilisha yote mengine, kwa sababu hakuna mweka hazina duniani anayetenga fedha kwa ajili ya kitu kisichoandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imetupa kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati ya kijiji cha mwaloni isiyojua wangapi wamezama mwaka huu inasimamia maafa gani?

Boti za doria nazo zipewe kazi ya pili. Askari akitoka kutafuta kokoro, awe na kamba ndefu, maboya ya kurusha na blanketi, na namba ya simu yake ibandikwe kila mwalo. Haiondoi hata nyavu moja haramu kwenye orodha yake. Nasikia hoja kwamba wavuvi wanaikimbia boti ya doria hata wakiwa wanazama. Inawezekana kabisa. Basi ipigeni rangi nyingine siku ambazo inaokoa, au mwambieni mkuu wa doria atangaze hadharani kwamba usiku wa dhoruba hakuna kukagua nyavu. Uaminifu unajengwa kwa vitu vidogo vya namna hiyo.

Halafu mikopo. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana vinaomba humo mitumbwi na injini. Sharti la mkopo wa injini liwe jaketi kwa kila kichwa, linunuliwe pamoja na injini, kwenye ankara moja. Bei yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya injini. Na yasiwe yale maboya ya magunia yanayolowa na kuzama kabla ya mwenyewe.

Mtaniambia hawatayavaa. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu inatoka kwa watu waliokaa mtumbwini. Jaketi nene linaleta joto, linanasa kwenye wavu, linazuia mikono wakati wa kuvuta. Mvuvi akilivua anapima hatari kama sisi sote: wavu upo sasa hivi, dhoruba labda kesho. Jibu ni kuwapa wao wachague aina. Zipo nyembamba, zipo za mkanda wa kiunoni. Pelekeni aina nne mwaloni, wavuvi wavue nazo mwezi mmoja wa giza, waseme ipi inavalika, ndipo afisa ununuzi atie saini. Tumezoea kinyume chake: jaketi linachaguliwa na mtu ambaye hajawahi kuvuta wavu, kisha tunamlaumu mvuvi kwa kulikalia kama mto.

Mweka hazina ananitazama, najua anataka kuuliza fedha ziko wapi. Ziko kwenye ushuru wa mazao ya uvuvi. Kila kilo ya dagaa iliyolipiwa ushuru ilivuliwa na mtu aliyekuwa majini usiku. Sehemu gani ya ushuru huo irudi majini, sitawapangia, nyinyi ndio wenye vikao. Ninachoomba ni kwamba siku kasma hiyo itakapojadiliwa, aketi mezani mvuvi wa dagaa kutoka kila kata ya mwambao, asiye na mtumbwi wake mwenyewe, na azungumze kabla ya mweka hazina. Mapendekezo ya bajeti yanaanzia kwenye kata zenu, kwa hiyo hamhitaji kibali cha Dodoma kumwalika.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Naona mikono mitatu iko juu tayari, na mmoja ni wa tajiri wa mitumbwi ambaye nadhani nimemchokoza vya kutosha. Aanze yeye.